Utaratibu wa Kumvua Mfalme Taji

Wakazi wote wa mji wa Torrelba walitangaziwa, kwa tarumbeta mbili na ngoma moja, kwamba Jumatano baada ya misa Mfalme Nuño ataondolewa madarakani hadharani, na kila familia ije na kitu cha kukalia. Mfalme mwenyewe hakualikwa. Alikuwa milimani akipigana na mdogo wake, kwa mara ya tatu mwaka huo.

Kwa kuwa hakuwepo, makabaila tisa waliomchoka waliagiza mfano wake. Urraca, mshona nguo ambaye mumewe alichukuliwa vitani miaka miwili iliyopita, akashona mwanasesere mkubwa kama mtu, akamjaza mabua, akamvika joho na kumkalisha jukwaani uwanjani.

"Tumbo nimempunguzia," alimwambia Munio Garcés, karani wa mji. "Mabua yamepungua."

Munio alikuwa mtu wa utaratibu. Kwa miaka ishirini aliandika kila kilichofanyika Torrelba, wala hakuandika kisichofanyika. Kwa hiyo Don Tello, mkubwa wa makabaila, alipoinua mguu ampige teke mwanasesere, Munio alikohoa.

"Samahani, mheshimiwa. Huyu hana taji. Utamvua nini?"

"Karani, hiki si kidoli tu?"

"Ndiyo hapo sasa. Nikiandika kwamba mmeondoa kidoli, mfalme atabaki na ufalme wake. Lazima kwanza huyu atawazwe na aapiwe. Ndipo aondolewe."

Makabaila walitazamana. Hakuna aliyetaka mapinduzi yatenguliwe kwa kasoro ya uandishi. Wakaazima taji la shaba kanisani, wakamvika, kisha mmoja mmoja wakapiga magoti, wakabusu glavu yenye mabua na kuapa utii. Munio akaandika kwamba Mfalme Nuño ametawazwa uwanjani, bila pingamizi.

Likabaki suala la nani amvue. Don Tello alisema ni yeye. Binamu yake alisema ukoo wake ndio mkongwe. Wa tatu alivuta upanga. Ikaundwa kamati ndogo ya kuchunguza ukongwe wa koo, nayo ikaketi siku nne, ikila kondoo wa mji.

Siku hizo nne mwanasesere alitawala.

"Huyu angalau hajachukua mume wa mtu," Urraca alisema, akimfuta vumbi.

Siku ya tano ikasikika kwamba mfalme wa kweli anakuja na wapanda farasi mia. Kamati iliahirisha kikao kupitia mlango wa nyuma. Uwanjani akabaki Munio, na wino wake, na mwanasesere.

Mfalme alishuka farasini, akamtazama yule wa mabua.

"Huyo ni nani?"

"Mfalme Nuño, mtukufu. Ametawazwa kihalali. Ninayo kumbukumbu."

"Mvue hilo taji."

"Mtukufu, mimi ni karani tu. Nikimgusa mfalme nanyongwa."

Mfalme alitukana, akapanda jukwaani mwenyewe, akaling'oa taji na kulitupa matopeni. Munio aliandika haraka.

"Unaandika nini?"

"Kilichofanyika, mtukufu. Kwamba taji limevuliwa kwa mkono wako. Bila muhuri karatasi haina nguvu, na wale makabaila wanaweza kumrudisha huyu kesho."

Mfalme hakujua kusoma. Kazi hiyo aliwaachia watu wa chini. Akabonyeza pete yake kwenye nta, akaenda zake.

Karatasi ilisema: Leo Mfalme Nuño, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, amemvua taji Mfalme Nuño.

Kwa mujibu wa utaratibu, Munio alipeleka nakala zenye alama ya muhuri kwa miji yote na kambi zote. Milimani, majeshi mawili yalisomewa, yakakuta upande mmoja hauna mtu wa kumpigania. Wanaume wakafunga mizigo. Mume wa Urraca aliingia nyumbani Ijumaa iliyofuata, amekonda, akaomba dengu.

Mfalme, aliyekuwa akiwasaka makabaila hadi wapanda farasi wake nao wakaenda makwao, alifika lango la mji wa jirani siku hiyo hiyo, akagonga. Nahodha wa lango alichungulia, akiwa na karatasi mkononi.

"Muhuri huu ni wako?"

"Wangu. Fungua."

"Basi kaa hapo pembeni, mzee," nahodha alisema kwa upole. "Tumeambiwa tusubiri mfalme."