Dai Langu Kuhusu Ukuta Ulioanzia Chini

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Nyumba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa ndani ya nyumba ambamo bado unasikilizwa. Mimi mwili hauna neno. Mgonjwa ni heshima yangu, na aliyeiambukiza ni gazeti lako.

Mimi ni fundi rangi tangu ujana. Nyumba yetu ni ya mbao, na mbao zake za nje zilikuwa zimeoza hata msumari ukawa unaingia kabla ya kupigwa. Chumba cha nyuma, anakolala mama yangu mzazi, ndicho kinachopigwa na mvua. Mama alikuwa ameshasogeza kitanda mpaka katikati ya chumba, akatutangazia kwamba akilazimika kukisogeza tena, atakisogeza mpaka kwa dada yangu. Nikaona aibu hiyo sitaiweza. Nikanunua mbao za saruji, zile ndefu nyembamba zenye nyuzi ndani, ambazo haziozi wala hazina ladha kwa mchwa, nikaufunga ukuta wa nyuma kwa mikono yangu hii. Ndipo gazeti lako likaingia nyumbani na makala ya kuwafundisha watu kufunga mbao hizo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwandishi wako anasema ubao wa kwanza ufungwe chini kabisa, na kila unaofuata uulalie kidogo ule wa chini yake. Nani kamwambia? Kazi yoyote ya heshima huanzia juu. Rangi hupakwa kuanzia juu, ili matone yakidondoka brashi iyafuate. Hata barua hii nimeianzia juu, na wewe unaisoma vizuri tu. Kwa hiyo nilianzia chini ya paa nikashuka, kila ubao ukiulalia ule wa juu yake, na ukuta ukanyooka. Ni kweli kwamba mvua iliponyesha, kila ubao ulikinga maji kama mfuko wa shati, kisha ukayapeleka kwa mama. Lakini hilo lilikuwa jambo baina ya mama, mvua na mimi. Halikuhitaji mwandishi wa habari. Tena mvua yenyewe huanzia juu, kwa hiyo mvua iko upande wangu.

2. Mke wangu ni mshonaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo zangu zote kazishona yeye. Aliisoma makala yako akiwa amebana pini mdomoni, akatoka nje, akautazama ukuta wangu, akazitemea pini zote kiganjani. Akizitema pini, ujue kuna neno linakuja. Akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba nimeivisha nyumba sketi ya marinda juu chini. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Bwana Marinda. Hata wateja wangu wa rangi wananiita hivyo, tena kwa adabu kabisa.

3. Mke wangu aliubandua ukuta wote akauanza upya, kuanzia chini kama mlivyomwagiza, kwa utepe wake wa kupimia viuno na chaki yake ya kitambaa. Wakati wa kukata mbao alinifunga barakoa, kwa kuwa mmeandika kwamba vumbi lake linadhuru mapafu. Mapafu yanashukuru. Lakini mwanamume aliyefungwa mdomo hawezi kubishana, na nashuku mwandishi wako ameoa na alilijua hilo.

4. Mmeandika pia kwamba kila ubao upimwe kwa pima maji, ili ulale sawa. Sasa kila kitu nyumbani kwangu kinapimwa kwa pima maji. Rafu zangu zimeonekana zinaelekea mashariki. Kiti changu, nilichokikalia miaka na miaka bila lawama, kimetiwa kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, nami sasa nahisi nimeinama upande wa pili. Linaloniuma zaidi ni mama yangu. Mama aliyenizaa, aliyeninyonyesha, anakaa uani na pima maji mapajani, akiangalia kile kipovu cha ndani, na nikigongelea msumari anapaza sauti kwamba kipovu kimekimbia. Akigongelea mkwewe, kipovu hakikimbii.

5. Mgala muue na haki yake mpe: ukuta ulipendeza. Hapo ndipo msiba ulipoanza. Jirani yetu mwokaji mikate alikuja, akanisalimu, akauliza kama fundi yupo. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema samahani, yeye anamuulizia fundi. Mke wangu akachukua utepe wake wakaondoka kwenda kuupima ukuta wa tanuri, nami nikafuata nyuma na ngazi begani. Kutwa nzima nilimshikia ngazi. Ndugu Mhariri, mtu anayeshika ngazi haoni kitu ila nyayo za viatu. Sisemi kwa utani, niliumia. Niliwaza kwamba huyu ataendelea ukuta kwa ukuta mpaka mji uishe, na siku moja atanunua ngazi isiyohitaji kushikwa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, uchapishe masahihisho ukurasa wa mbele kwamba mbao za saruji huanzia juu, na kwamba maji yakiingia ndani, kosa ni la maji. Pili, ukusanye nakala zote za gazeti la siku ile, ukianza na yetu, iliyobandikwa ukutani jikoni mahali ilipokuwa picha yangu ya ujana. Tatu, umtume mwandishi wako aje kuapa mbele ya mama kwamba amewahi kuona nyumba iliyojengwa kuanzia paa ikashuka hadi msingi. Kama hajawahi kuiona, ajenge moja kwanza, ndipo aje.

Wasalimie wote hapo ofisini, wapiga picha, wapiga chapa, na mzee wa mlangoni atakayeipokea barua hii. Mwandishi wa makala msalimie pia. Sina kinyongo naye, ila asipite mtaani kwetu.

Ni mimi ninayeandika kwa utii, barakoa ikiwa shingoni,
Fundi Rangi
(kwa sasa Bwana Marinda)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha ilishuka mvua ya kutisha. Nilikimbilia chumba cha nyuma na ndoo mbili, kama kawaida yangu. Nikamkuta mama amekirudisha kitanda ukutani, amelala, mgongo umeegemea mbao, anakoroma. Nilipapasa ukuta wote kwa kiganja. Mkavu. Nilibaki pale na ndoo zangu, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Kisha mke wangu akanionyesha kipande cha makala nilichokiruka kwa hasira, kisemacho kwamba kila ncha iliyokatwa ipakwe rangi vizuri, la sivyo itakunywa maji. Akasema kazi hiyo hamwamini mtu mwingine mjini, na kwamba kuta zote ni zangu, za kwetu na za mwokaji, kuanzia juu. Kwa hiyo tafadhali usiichapishe barua hii. Kama una nafasi ndogo, chapisha tangazo: Mshonaji na Fundi Rangi, mbao za saruji, yeye anaanzia chini, mimi naanzia juu. Na utuletee nakala nyingine ya makala, hii ya jikoni imechakaa kwa kusomwa. Naishia hapa, rangi isije ikanikaukia koponi, naye ananiita. Leo ngazi anashika yeye.