Waraka wa Lishe ya Mhusika

Jumatatu ile Idara ya Uratibu ilitangaza, kwa sauti na kwa mhuri, kwamba zama za kulisha ovyo zimekwisha. Wafanyakazi walisimama ukumbini, wengine vikombe vya chai bado mkononi, wakasomewa kwamba imeundwa Kamati ya Mboga Mbichi, Matunda na Vitafunio, na kwamba mwenyekiti wake ni Kaimu Mkurugenzi Msaidizi. Watu wakapiga makofi. Hawakujua anayelishwa ni nani, lakini makofi ya Idara hayajawahi kusubiri habari.

Anayelishwa alikuwa hamsta. Ni kinyama cha jamii ya panya, kinene, mkia kama hakina, chenye vifuko viwili ndani ya mashavu ambavyo huvijaza chakula na kwenda kukificha kinakolala. Mwenye mnyama huyo alikuwa mjukuu wa Mkurugenzi. Binti alisafiri na mama yake, akamwachia babu kizimba pamoja na onyo kwamba mnyama wake asipewe kitu cha kumdhuru. Babu, mtu ambaye tangu apate cheo hajafanya kazi bila wasaidizi, akakileta kizimba ofisini.

"Nitunzie huyu mpaka mjukuu wangu arudi," alimwambia Kaimu. "Akimkuta mzima, hilo neno kaimu tutaliangalia."

Kaimu alitoka pale amekikumbatia kizimba. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata mwanawe wa mwisho, alipoulizwa shuleni jina la baba yake, alijibu "Kaimu" bila kusita. Mkewe naye alikuwa na kauli yake mbele ya wageni: "Mwenzenu hata mimi ananipenda kwa kukaimu." Wageni walicheka. Yeye hakuona la kuchekesha. Alilitaka lile neno liondoke mlangoni kwake, basi.

Kamati ilikaa. Swali la kwanza likawa mlengwa atajwe vipi. Kuandika "panya" katika waraka unaogusa familia ya Mkurugenzi kulikuwa ni kujitafutia uhamisho. "Hamsta" nalo Kaimu alilikataa, kwa kuwa ni la kigeni na halijapita katika kikao chochote.

"Tumwite mhusika," akasema. "Neno la adabu. Halimuudhi mtu."

"Tafsiri yake?" akauliza Mwanasheria wa Idara, ambaye hata maji hakuyanywa bila kuyapatia tafsiri.

Kaimu akafikiri, kisha akaamuru iandikwe: mhusika ni mkaazi wa ofisi ya Mkurugenzi, mwenye mashavu, anayelala mchana na kutunzwa kwa gharama ya Idara. Mwanasheria aliisoma, akamtazama Kaimu, akatazama dari, akasema tafsiri imejitosheleza.

Baada ya hapo, na haki yao wapewe, walichapa kazi. Daktari wa mifugo aliitwa na kuhojiwa mpaka akaomba maji. Waraka ukatoka umeshiba. Mhusika apewe mboga mbichi zilizooshwa: tango, brokoli, majani ya saladi kidogo. Kipande kisizidi ukucha wa kidole gumba. Tofaa apewe, ila mbegu zitolewe. Karoti kwa nadra, maana ina sukari. Kitafunio kiwe mbegu moja ya boga, na si kila siku. Ni marufuku kumpa kitunguu, kitunguu saumu, chungwa, limau, kiazi kibichi, chokoleti, na chochote chenye chumvi au kilichokaangwa. Na kila asubuhi mahali anapolala mhusika pakaguliwe, alichoficha kitolewe kabla hakijaharibika.

"Kifungu hicho cha mwisho ndicho roho ya waraka," Kaimu alijisifu. Mkurugenzi alitia saini bila kusoma, kwani kusoma ni kazi ya walio chini yake. Nakala zikaenda vitengo vyote kwa utekelezaji.

Wa kwanza kutekeleza alikuwa Mama Kantini. Saa ya chakula Mkurugenzi alifunua sahani, akakuta kipande cha tango na mbegu moja ya boga.

"Nini hiki, mama?"

"Chakula chako, mzee. Tango nimeliosha."

"Nyama yangu iko wapi?"

"Ya kukaanga imekatazwa, ya mchuzi ina kitunguu. Mimi ni nani nibishane na saini yako? Na hiyo mbegu uitafune polepole, kesho hakuna."

Mkurugenzi aliita watu, akafoka mpaka miwani ikashuka puani. Kaimu aliapa kwamba waraka ulimlenga mnyama. Mwanasheria akaombwa athibitishe.

"Mnyama sikumwona humu," akasema, akifunua kurasa. "Naona anayelala, anayetunzwa, mwenye mashavu. Mtu na mnyama, mzee, lugha yetu imewapa ngeli moja. Kurekebisha kunawezekana, ila mpaka kamati ikae wiki ijayo."

Kitengo cha Ukaguzi hakikusubiri wiki ijayo. Tangu kiundwe hakijawahi kuruhusiwa kukagua chochote zaidi ya vitasa vya milango, na sasa kilikuwa na ruhusa yenye mhuri. Asubuhi iliyofuata wakaguzi walikuwa nyumbani kwa Mkurugenzi, chumbani anapolala, viatu wameviacha mlangoni kwa heshima. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nao wakainama. Wakatoa mazulia ya ukumbi wa mikutano yaliyoripotiwa kuliwa na mchwa, feni zilizoripotiwa kuungua, na saa ya ukutani ya mapokezi, bado inatembea.

"Nilikuwa nimevihifadhi," alisema Mkurugenzi.

"Ndiyo, mzee. Waraka unasema tuvitoe kabla havijaharibika."

Kufikia jioni Mkurugenzi alikuwa amepewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Mjukuu alifika, akamkuta hamsta wake mzima na mnene kuliko alivyomwacha, akambeba, akaenda zake. Kisha ikaja barua kutoka juu: Kaimu ahamie mara moja ofisi ya Mkurugenzi, awe Kaimu Mkurugenzi.

Neno lilikuwa palepale, lakini kiti kilikuwa kipana. Kaimu alikikalia, akafumba macho aonje utamu wa madaraka. Alikuwa ameanza kukoroma Mkaguzi alipogonga mlango.

"Mnyama ameondoka," Kaimu alisema upesi, akijifuta mdomo. "Ule waraka hauna kazi tena."

"Waraka haumtaji mnyama, mzee. Unamtaja mkaazi wa ofisi hii." Mkaguzi akayatazama mashavu yake kwa adabu. "Na samahani, nimekukuta umelala."

Kaimu alidaka simu, akampigia mkewe. Alikuwa na jambo moja tu la kumwambia, kuhusu kufunga stoo. Mke akapokea kwa sauti ya mtu mwenye wageni.

"Wameshafika," alisema. "Wamevua viatu, watoto wa watu wana adabu kweli. Wanauliza hivi viti vyenye nembo ya Idara ni vya nani."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia mimi sihusiki. Mhusika yuko ofisini."