Ombi la Kutolewa Mtandaoni na Kurudishiwa Chaki

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi siku hizi si mzima wala si mgonjwa, niko mtandaoni. Naandika kwa kalamu ya wino makusudi, kwa kuwa kalamu haijawahi kunidai nywila.

Utakumbuka kwamba mwanzoni mwa muhula uliniita ofisini, ukanikaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uteuliwe, kisha ukaniambia kwa upole, "Mwalimu, dunia imehamia mtandaoni. Nenda nawe ukaione." Mimi nafundisha jiografia. Kusikia kwamba dunia imehama bila mimi kujulishwa kulinigusa, nikaenda. Nimehudhuria wiki sita, kila alasiri, katika chumba cha kompyuta cha chuo cha jirani, chini ya mkufunzi ambaye ni binti mstahivu, mwenye subira ya mtu anayemlisha mtoto uji. Yeye hana kosa lolote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutengeneza tovuti. Nilitengeneza ya somo langu, nikachora mabara yote saba, kila moja kwenye kisanduku chake, nikayapanga kwa siku nne mpaka dunia ikakaa sawa. Kwenye kompyuta ilipendeza. Nilipoifungua kwenye simu, nikakuta mabara yamepangana wima kama sahani kabatini, na Antaktika imeikalia Afrika. Mkufunzi alinieleza kwamba tovuti ya kisasa hujipanga yenyewe kufuata upana wa kioo. Nikamwambia mabara yalikwisha kupangwa zamani, na aliyeyapanga hakuuliza upana wa kioo cha mtu. Akacheka, halafu akaniomba radhi kwa kucheka. Matokeo yake, wanafunzi wenye simu na wenye kompyuta wana dunia mbili tofauti, na mtihani umekaribia.

2. Katika tovuti hiyo niliweka kitufe kilichoandikwa "Mfahamu Mwalimu". Ukikibofya, yanatokea maandishi makubwa: "Samahani, unachotafuta hakipo." Mkufunzi anasema nilisahau herufi moja kwenye anwani. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukibofya, anasema hilo alilijua tangu nilipopeleka posa.

3. Baadaye tulihamia kwenye mtandao wa wanataaluma, ule ambao watu wazima hujipiga picha wakiwa wamefunga tai ili watafutane kikazi. Kila mtu huandika cheo chake chini ya jina. Niliandika: Mwalimu. Mtandao ukanijibu kwamba wasifu wangu ni dhaifu. Mwenzangu wa hisabati, ambaye tunatumia naye meza moja, ameandika "Mbunifu wa Masuluhisho na Kiongozi wa Fikra". Huyu ndiye aliyejifungia kwenye stoo ya vitabu muhula uliopita, akapiga mlango saa nzima, na ufunguo uko mfukoni mwake. Sasa wazazi wakija wanamwamkia yeye kwanza. Zaidi ya hayo, mtandao umeniuliza mara tano kama ninamfahamu. Nimetafuta kitufe cha "kwa kiasi fulani", sijakiona.

4. Mke wangu, fundi cherehani, alitangulia kujiunga na mtandao huo na ana watu mia sita, wengi wao wenye maduka ya nguo. Nilimtumia ombi la kuunganishwa. Zikapita siku kumi na moja. Tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja, nalo ombi langu limekaa kwenye simu yake kama barua ya mtu asiyejulikana. Mwishowe nilimuuliza akiwa kwenye mashine, anapinda suruali yangu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba watoto, wewe nimeshakukubali nyumbani. Kule nachagua watu wa kazi." Ombi liko palepale mpaka leo, na suruali aliipinda vizuri sana.

5. Jambo hili ndilo lililonivunja nguvu. Jumanne iliyopita simu ilinipongeza kwa kutimiza miaka ishirini na sita kazini. Mheshimiwa, katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyenipongeza, na simlaumu yeyote, sote tuna shughuli. Niliuandikia mtandao barua ya shukrani ya kurasa mbili. Haukujibu.

Aliyejibu ni mtu mwingine, aliyeisoma hukohuko mtandaoni. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, tukimwita Kifutio, kwa sababu alikuwa akifuta daftari mpaka linatoboka. Katika ripoti yake ya mwisho niliandika kwa mkono wangu: "Kijana huyu hatafika popote." Sasa ni nahodha wa meli ya mizigo. Aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Mpaka leo nimefika bandari arobaini na moja. Kila ninapofika naikumbuka ile ramani uliyokuwa ukituchorea ubaoni bila kutazama kitabu. Asante. Ila kuna kisiwa kimoja ulikiweka upande usio wake."

Nilikikagua. Ni kweli. Nimekifundisha vibaya miaka yote hiyo, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekwenda. Ujumbe huo niliusoma nimesimama mlangoni pa darasa, chaki mkononi, watoto arobaini wakinisubiri, na kwa muda sikuweza kuingia kwa sababu ya macho yangu. Mwalimu hawezi kufanya kazi katika hali hiyo.

6. Kwa hiyo naomba, kwanza, niondolewe kwenye mafunzo na mtandaoni kabisa, nikabidhiwe boksi moja la chaki. Pili, wanafunzi wote wanaomaliza watie sahihi hati ya kukubali kwamba watafika pale tu tulipowatabiria kwenye ripoti, wala si mbali zaidi. Tatu, atakayevuka mpaka huo atoe taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, ili mwalimu husika ajiandae kisaikolojia. Nne, kama hayo hayawezekani, kile kisiwa kihamishwe.

Nisalimie makamu wako, karani, mpishi, mlinzi wa getini na mwenzangu wa hisabati, ambaye namfahamu kwa kiasi fulani. Mke wangu anakusalimu pia. Anasema gauni lako liko tayari.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu,

Mwalimu wa Jiografia

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mkufunzi amenipigia simu. Wanafungua darasa la hatua ya pili, nafasi ni moja kwa kila shule, na mwenzangu wa hisabati ameshaiulizia. Nimejaza fomu kwa niaba yako, pamoja na sehemu unayoeleza kwa nini unanipendekeza kwa moyo wote. Umeandika maneno mazuri sana, nimeyasoma mara mbili. Tafadhali tia sahihi kabla ya saa sita. Barua yenyewe usiichane. Nirudishie niipige picha, nataka kuiweka mtandaoni.