Fyuzi Isiyo na Kibali

Asubuhi ya Jumatatu, wafanyakazi wote wa Idara ya Mitaro na Maji Taka waliitwa uwanjani, wakapangwa mistari kwa vyeo, wakatangaziwa habari njema: pikapu ya kuzibulia mitaro si pikapu tena. Kuanzia saa ile ingeitwa Chombo cha Hadhi cha Uwajibikaji wa Mstari wa Mbele. Makofi yalipigwa dakika nzima, maana Katibu wa Kamati alikuwa ameshika saa.

Fundi Nyaya alikuwa mstari wa mwisho. Alipiga makofi kama wenzake, ila hakuifurahia habari ile. Ndiye fundi umeme pekee wa gereji ya Idara, mwaka wa kumi na tisa sasa, na gari lile alilijua nje ndani. Nyuma lilikuwa na pampu ya kunyonya maji machafu, juu lilikuwa na taa moja ya kuzunguka, na betri yake ilivitosha vitu hivyo viwili bila kulalamika.

Tatizo ni kwamba Mkuu wa Idara alikuwa ametembelea mitaro mara moja, vioo vimefungwa, akarudi na uchungu kwamba wananchi hawakumtambua. Kamati ya watu kumi na mmoja ilikaa wiki tatu juu ya jeraha hilo. Ikaamua gari lifungwe taa sita za paa, ving'ora viwili, kipaza sauti, friji ya maji ya Mkuu, feni nne na kiti cha kupasha mgongo joto. Jua la mji ule lingeweza kukaanga yai juu ya boneti, lakini suala la jua halikuwamo kwenye ajenda.

Nyaya zililetwa Jumanne. Zote za kijani, kwa ajili ya usawa wa mwonekano, na zote nyembamba, kwa sababu Kamati ilikuta zile nene hazina staha.

Dereva wa pikapu alikuja kuchungulia. Alikuwa amemwoa dada yake Fundi Nyaya, hivyo walitaniana bila kupimana maneno.

"Shemeji, niambie ukweli. Hapa napanda gari au naingia tanuri?"

"Hizi nyaya ni za spika ya redio," alisema Fundi Nyaya, kichwa kikiwa chini ya dashibodi. "Nimekuwekea fyuzi kila mahali. Mzigo ukizidi, fyuzi inakatika, nawe unashuka salama."

"Dada yako kanituma nikuulize hivyohivyo."

"Mwambie alale."

Jumatano Katibu mwenyewe alikuja kushuhudia majaribio. Fundi Nyaya aliwasha king'ora, kikalia vizuri. Akawasha kiti, friji, taa. Tak! Fyuzi ikakatika, kila kitu kikanyamaza. Fundi Nyaya alifurahi, kwa sababu hicho ndicho alichotaka kuona. Katibu aliandika ukurasa mzima.

Mchana wake akaitwa mbele ya Kamati.

"Nani aliyemkatia Mkuu umeme?" aliuliza Katibu.

"Fyuzi, mama." Aliitoa mfukoni, akaiweka mezani. Wajumbe wakasogeza viti kuiangalia.

Mkuu aliinyanyua kwa vidole viwili. "Kitu kama punje ya hindi kinanizimia mimi king'ora?"

"Ndiyo kazi yake, mzee. Inaungua yenyewe ili gari lisiungue."

"Kwa kibali cha nani?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza Fundi Nyaya jambo hilo, na watu kumi na mmoja walikuwa wanatikisa vichwa kwamba hapo sasa amebanwa.

Kabla ya saa za kazi kwisha, Waraka Namba Saba ulikuwa umebandikwa ukutani: fyuzi yoyote inayokusudia kukata umeme itaomba kibali kwa maandishi siku kumi na nne kabla. Kwa kuwa fyuzi hazina uwezo wa kuandika, zing'olewe zote, na nyaya ziunganishwe moja kwa moja. Uzinduzi ni Ijumaa. Fundi asaini Hati ya Usalama, au arudishe funguo za gereji.

Dada yake alimngoja mlangoni kwake jioni ile, mikono kiunoni.

"Unasaini?"

"Nisiposaini unga unamwagika, dada. Nina watoto wanne."

"Mimi nina mume mmoja. Akirudi kwangu ameiva, mimi na wewe undugu umekwisha."

Alhamisi asubuhi Fundi Nyaya aliingia kwa Katibu, akaweka funguo mezani.

"Fyuzi sing'oi. Na bila fyuzi sisaini. Natafuta kazi kwingine."

Katibu alitafuta fomu ya mtu anayekataa, hakuiona. "Ombi lako litashughulikiwa," alisema. "Mpaka hapo wewe bado ni mtumishi."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akacheka kile kicheko cha watu wasiofungua boneti ya gari lao tangu walinunue. "Kusaini nako ni ufundi? Lete hiyo hati." Akaandika jina lake kwa herufi za kujipinda, pale palipoandikwa *Fundi aliyefunga mfumo*, Katibu akagonga muhuri. Kisha Mkuu akamwita mlinzi wa geti, akampa koleo, na kwa nusu saa fyuzi zikang'olewa, nyaya zikaunganishwa moja kwa moja. "Na kesho nitaliendesha mwenyewe. Chombo cha hadhi hakizinduliwi na dereva."

Dereva alipoambiwa kwamba amevuliwa heshima hiyo, alikaa chini akashukuru kwa sauti.

Ijumaa saa nne, mbele ya wageni, Mkuu alipanda, akawasha gari, akabonyeza kila kilichobonyezeka. Ving'ora vilipanda juu, vikashuka, vikaanza kukoroma. Moshi ukatoka kwenye dashibodi, halafu chini ya kiti.

"Ndugu wananchi," kilisema kipaza sauti, "napenda kuchukua nafasi hii... mama yangu! Mgongo!"

Wageni walipiga makofi. Walidhani hayo yamo kwenye ratiba.

Fundi Nyaya hakungoja kibali. Alikimbia na spana namba kumi, akafungua boneti, akang'oa waya wa betri huku mkono unababuka. Dereva alimvuta Mkuu nje kwa kola. Suruali ya Mkuu ilikuwa imepata dirisha nyuma. Pampu, friji, taa sita, vyote vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja cheusi chenye kunuka.

Kamati ilikaa saa nane mchana. Mkuu alikataa kukaa, kwa sababu zilizo wazi, akaamuru akiwa wima. Fundi mzembe aliyefunga mfumo huu ashushwe cheo leo hii. Mpaka chombo kitengenezwe, atazibua mitaro kwa mikono. Hakuna rufaa. Aliisaini hukumu, ikagongwa muhuri, akamtazama Fundi Nyaya aliyefungwa bandeji, akatabasamu. Fundi Nyaya aliinamisha kichwa. Alijua yamekwisha.

"Jina la mhusika," alisema Katibu, akafungua faili ili anakili kutoka kwenye hati. Akasoma. Akapangusa miwani, akasoma tena, na kwa sauti ileile ya siku zote akalitaja jina la Mkuu.

Mkuu alinyoosha mkono kulivuta faili.

"Futa hilo," alisema Mkuu.

"Lina muhuri, mzee."

"Basi futa hukumu!"

"Nayo ina muhuri." Katibu hakuwa jasiri. Ila katika maisha yake hakuwahi kubadili kitu kilichogongwa muhuri, na hakuona sababu ya kuanzia uzeeni. Wajumbe wengine walimtazama Mkuu, wakakitazama kiti chake kilichokuwa kitupu, na kila mmoja akakuta hana pingamizi.

Jumatatu iliyofuata Mkuu alipewa buti za mpira na sepetu, chini ya usimamizi wa dereva asiye na gari. Wananchi walijaa kandoni mwa mtaro, na safari hii wote walimtambua.

"Siwezi kuinama," alisema Mkuu, mkono mgongoni. "Nina jeraha la kikazi."

"Pole sana, bosi," alisema dereva. "Basi ingia mtaroni mzimamzima."