Sababu ya Kugonga kwa Ragnfrid

Jumatatu, 10 Novemba
Mvua. Bergen yote imelowa, nami sijaongea na mtu tangu Alhamisi. Keshia wa dukani simhesabu, aliuliza kama nataka mfuko, basi. Natafsiri riwaya ya upelelezi ya Kiingereza. Leo nimekuta neno lenye maana mbili: benki, na ukingo wa mto. Mtu kaketi hapo anavua samaki. Hata mtoto angejua! Lakini ghorofa ya juu anakaa Ragnfrid, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Kwetu hapa hugongi mlango wa jirani bila sababu. Sasa sababu ninayo. Mjanja mimi!

Jumanne, 11 Novemba
Amenasa! Nilijikuna kichwa, nikamwuliza maana ni ipi. Akasema, Eilif bwana, uliona wapi watu wakivua samaki benki? Tukacheka. Kahawa, maandazi ya mdalasini. Niliporudi chini, nyumba ilikuwa kimya mno.

Jumatano, 12 Novemba
Nimepanda na neno la Kiingereza la popo, ambalo pia ni gongo la kuchezea mpira. Loo! Torleif wa ghorofa ya chini kapiga magoti chini ya sinki, spana mkononi. Eti bomba linavuja. Jana halikuvuja! Akaniuliza, popo wako hajambo? Mshenzi. Andazi langu kala yeye.

Alhamisi, 13 Novemba
Leo nimepanda na maneno sita kwa mpigo, nimkomeshe Torleif. Ragnfrid kanitazama kwa huruma, kaingia chumbani, katoka na kamusi nene kama tofali. Zawadi! Akasema, chukua, mwanangu, usihangaike tena na ngazi. Nimeshukuru sana. Nimeshuka nayo. Nimelia kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba
Hodi mlangoni. Ragnfrid! Mikono mitupu. Hana cha kuazima, hana cha kuuliza. Kasema Jumapili anapika kondoo kwa kabichi, na kula peke yake kumemchosha. Torleif ni mwema, ila hadithi zake zote ni za mabomba. Niende mimi, na kamusi niiache nyumbani.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Lakini nimemwambia samahani, Jumapili nina kazi.

Na kweli ninayo! Lazima nitafute neno lisilokuwemo kwenye kamusi ile. La sivyo, Jumatatu nitagonga kwake kwa sababu gani?