Paka Ana Sentensi Yake, Mama Hana

Hayes, London
Jumamosi, 8 Machi 2025. Asubuhi manyunyu, kisha jua la kudanganya.

Kwa Ndugu Mhariri wa jarida la jumuiya yetu,

Pokea salamu zangu. Ninaandika kwa heshima kulalamikia safu ya Bwana Shaame, "Kijapani cha Hotelini na cha Kupanga Nyumba", ambayo imenikosesha pa kulala.

Binti yangu Shiku anafundisha Kiingereza huko Osaka, na mwezi uliopita alijifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu mama huenda kumpikia mzazi uji na kumwogesha mtoto, na hulala humo humo. Nilipomwambia nimepata likizo, alinijibu: "Mami, nimekuwekea nafasi hotelini, ni hapa karibu tu. Nyumba hii ina sheria kali, wageni hawalali. Na Kijapani cha hoteli si unakisoma kwenye jarida?"

Mume wangu Jotham alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama Shiku, hapo umefukuzwa kwa adabu!"

Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Somo la kwanza lilitufundisha "Chekkuin wa nan-ji kara desu ka", yaani kuingia kunaanza saa ngapi. Ni mama gani huuliza saa ya kuingia kwa mwanawe? Mimi huingia kwanza.

2. Somo la kupanga nyumba lina "Neko o katte mo ii desu ka", naruhusiwa kufuga paka? Nimepekua matoleo yote. Hakuna "Naruhusiwa kumleta mama yangu?" Paka ana sentensi yake, mimi niliyemzaa mpangaji sina. Na paka hapiki uji.

3. Bwana Shaame anasema kuta za huko ni nyembamba, akatupa maneno ya kumwomba jirani radhi. Hayatoshi. Tunahitaji: "Jirani, hatugombani, tunamwombea mtoto. Tutamaliza alfajiri."

Kwa hiyo naomba masomo ya hoteli yafutwe, ili watoto wetu wakose pa kutupeleka. Mahali pake pachapishwe: "Nimefika, sikupiga simu, masanduku mengine yanakuja." Halafu wewe binafsi uiandikie serikali ya Japani, kwa upole, kwamba kila nyumba ya kupanga iwe na chumba cha bibi. Wakichelewa kujibu, Shiku ataomba ruhusa ya paka, na mlangoni nitatokea mimi.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata Bwana Shaame.

Ni mimi, mlalamikaji mwenye nia njema,
Njeri, Mama Shiku

Nyongeza: Shiku amepiga simu kabla sijafunga bahasha. Amemsihi mwenye nyumba, naye amekubali nikae hata miezi mitatu. Nimelia kidogo. Kisha Shiku akanionyesha kwenye kamera nitakapolala: godoro sakafuni, kati ya kitanda cha mtoto na mashine ya kufulia. Mtoto naye akalia kwa sauti ambayo Jotham aliisikia akiwa bustanini. Nikazitazama tena picha za ile hoteli. Ina bafu la kuzama hadi shingoni, na kiti cha choo kinachopashwa moto. Nimemwambia Shiku asiifute nafasi yangu. Mchana nitakuwa bibi, usiku nitakuwa mgeni. Nilitaka nialikwe, Ndugu Mhariri. Kulala ni jambo jingine. Tafadhali Bwana Shaame aharakishe somo la kuomba mto wa pili.

Sasa nazima taa, ni saa nne na robo usiku.