Jora Moja, Makoti Mawili

Habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima kabla birika la kwanza halijachemka. Jana, kwenye ile katuni ya jioni ambayo watoto huitazama kwa kelele na wazazi wao kwa kuibia, Mheshimiwa Kiboko alipanda jukwaani kuapa kwamba atawakomesha wezi, huku amevaa koti la zambarau la Fisi Mwizi. Si la kufanana nalo. Lilelile.

Chokaa aliwasikia kijiweni wakicheka tangu akiwa kwenye kona, akatamani kurudi nyumbani. Jina hilo walimpa watu wa benchi siku walipojua kwamba kazi yake ni kupaka rangi vikaragosi ndani ya kompyuta, ghorofani juu ya duka la vitasa linalopakana na kijiwe. Walisema anapaka rangi, basi ni chokaa, na mjadala ukafungwa hapo.

“Huyo, huyo anakuja!” Pindo, fundi cherehani, akapiga benchi kofi. “Mpisheni shujaa akae!”

Wakili akasimama na kikombe mkononi, akapiga saluti kahawa ikamwagikia kiatuni. Wakili hakusomea sheria. Alishtakiwa mara moja tu maishani, akashinda, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani.

“Mwanamapinduzi!” akanguruma. “Watu wazima tunaogopa hata kukohoa, wewe umemvalisha mkubwa ukweli mwilini, tena mbele ya watoto!”

“Nilikosea, jamani,” Chokaa akasema.

“Usirudie neno hilo. Shangazi, wewe hukusikia kitu.”

“Nimesikia,” akajibu Shangazi, mwenye birika na benchi na neno la mwisho. “Kaa, mwanangu. Mbona uso umekushuka hivyo?”

“Bosi kapiga simu. Kasema niende tukaongee.”

Benchi lote likaguna. Bosi yule walimjua. Kwake yeye kuongea kulikuwa na mtu mmoja, naye ndiye yeye. Mtu wa mwisho kuitwa kuongea alishuka ngazi na mto wake wa kukalia kwapani.

“Sasa kosa liko wapi?” Pindo akauliza. “Ulichukua kopo la Fisi ukampaka Mheshimiwa?”

“Hakuna kopo, kaka. Kwenye kompyuta kila rangi ina kisanduku chake. Ukipaka koti, lile koti linashika kisanduku kama mtoto alivyoshika gauni la mama. Ukibadili rangi ya kisanduku, kila kilichokishika kinabadilika, kwenye kila picha, bila kurudia kupaka. Ndiyo raha yake.”

“Ndiyo raha yake,” Wakili akamwigiza. “Na Mheshimiwa naye alikuwa kashika gauni la mama yake Fisi?”

“Kisanduku kilekile.”

“Allah! Ndugu wa kunyonya ziwa moja!”

“Wale wauza matangi wanaotudhamini walilalamika,” Chokaa akaendelea. “Fisi alikuwa na koti la buluu, na buluu ni rangi ya matangi yao. Bosi akasema mwizi avuliwe buluu upesi. Nikafungua kisanduku, nikaweka zambarau, nikafunga, nikaenda kula.”

“Na Mheshimiwa akavuliwa naye akiwa hana habari.”

“Yeye, na dereva wake. Na zulia la ofisini. Na shuka la chumbani kwake.”

Shangazi akaacha kumimina. “Shuka?”

“Shuka, Shangazi.”

“Kumbe ndiyo maana! Jana mke wa Mheshimiwa anakunja shuka, mimi namwambia binti yangu, tazama, yule Fisi kumbe analala humo!”

“Si yeye tu,” Pindo akasema. “Mtaa wetu wote umeshahesabu hivyo. Jirani yangu hajalala, anataka kujua Fisi alitokea dirishani au alifunguliwa mlango.”

Chokaa akajikuta anacheka, kisha akaukumbuka ule mto wa kukalia, akaacha.

“Swali la kisheria,” Wakili akainua kidole. “Nani alimshikisha Mheshimiwa kisanduku cha mwizi?”

Hapo Chokaa alikuwa na kumbukumbu inayofukuta kama moto wa pumba. Alikumbuka hata shati alilovaa bosi siku hiyo. Katuni ndiyo kwanza inaanza, bosi kasimama nyuma ya kiti chake anamhema shingoni: Rangi mpya ya nini? Ile ya Fisi si ipo? Mvalishe nayo huyo mkubwa, twende. Chokaa alimwomba walau amruhusu kunakili rangi ile, kila mmoja awe na kisanduku chake, ili kesho na keshokutwa wasije wakaburutana. Bosi akasema nakala zinajaza mashine.

“Bosi aliniamuru,” akasema. “Lakini kukiita kisanduku ‘Koti’ ni mimi.”

“Koti?”

“Niliandika ‘Koti’ tu.”

“Koti la nani?” Wakili akashika kichwa. “Nchi ina makoti kuliko watu! Kesi nimeshaishinda, unairudisha mwenyewe kwa mdomo wako!”

“Mimi hapa mkebe huu nimeandika sukari, huu chumvi,” Shangazi akasema. “Wewe ungeandika ‘Nyeupe’ kotekote, watu wakanywa kahawa ya chumvi. Hilo ni lako, mwanangu, limeze.”

“Nimemeza, Shangazi.”

“Ngojeni kidogo,” Pindo akasema, macho yamemtoka kama mtu aliyeangusha sindano. “Zamani wote wawili walivaa buluu?”

“Tangu mwanzo.”

“Jora moja?”

“Jora moja.”

“Na sisi tulikuwa tunatazama kila jioni, hatuoni kitu! Kwa sababu ni buluu, rangi ya heshima, kila mwenye ofisi anayo. Kumbe siku zote walikatiwa jora moja, jana ndiyo limepata rangi ya kuonekana. Sasa kosa hapo liko wapi? Kosa ni lile la zamani!”

Watu wa benchi wakapiga makofi. Wakili akanuna kidogo, maana maneno yalikuwa makubwa na hayakutoka kwake.

Kabla hajatafuta ya kumpiku, mlango wa ngazi ukabamizwa, bosi akatokea, simu mkononi, shati limemganda mgongoni.

“Wewe! Umekaa unakunywa kahawa! Mkuu wa mji kanipigia simu!”

“Anasemaje?”

“Anauliza kwa nini nimemvalisha koti la mwizi!”

Shangazi akafunika mdomo kwa kanga. Wakili akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona chakula kinakuja.

“Samahani, bosi,” akasema. “Kwani yule kiboko ni mkuu wa mji?”

“Nani kasema?”

“Nakuuliza wewe. Nani kasema?”

“Kasema mwenyewe!”

Pindo akaanguka kutoka kwenye benchi. Bosi akamgeukia Chokaa, mishipa imemsimama. “Huna kazi! Panda uchukue vitu vyako!”

Chokaa akasimama.

“Sawa, bosi. Ila atakayekuja mwambie asiguse kisanduku kile ovyo. Kila kipindi tulichotengeneza kimekishika.”

Bosi alitazama simu yake, akatazama viatu vyake, na sauti ikamshuka mpaka ya mtu wa kuomba moto kwa jirani.

“Nimeshagusa.”

“Umefanya nini?”

“Nimemrudishia Mheshimiwa buluu, Fisi naye karudi buluu, mdhamini kapiga simu analia. Nikamvua Fisi, Mheshimiwa naye kavuliwa. Nimeweka kijani, wote kijani! Shuka kijani! Nikimpandisha huyu, yule anapanda. Nikimshusha yule, huyu anashuka naye!”

“Ndivyo walivyo,” Shangazi akasema kwa upole.

“Unaweza kuwaachanisha?” bosi akamuuliza Chokaa.

“Naweza. Kila mtu apate kisanduku chake, niguse picha moja moja. Na majina nitayaandika mimi, marefu, na ya wenyewe. Na nakala nitaweka, hata mashine ikijaa.”

“Weka!”

“Na hiyo kazi ninayo au sina?”

“Unayo!” Simu ikaanza kuita tena mkononi mwake. Bosi akaiona namba, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akapiga ukelele uliosikika mpaka ng’ambo ya barabara: “Unayo, unayo! Panda sasa hivi ukamtenganishe mkuu wa mji na wezi!”

Mtaa ukasimama. Muuza vitasa akatoa kichwa dukani. Mwendesha baiskeli akashusha mguu.

“Bosi!” Wakili akalia, machozi yanamtoka kwa kicheko. “Muonee huruma mtoto wa watu! Hilo limewashinda wapiga kura, limewashinda mahakimu, leo unamtwika yeye peke yake, tena kabla ya chakula cha mchana?”

Chokaa alikuwa ameshafika katikati ya ngazi, mabega yanatikisika, Pindo alipokimbilia chini ya ngazi na kumpigia kelele:

“Polepole na mkasi, ndugu yangu! Ukisikia wote wawili wamelia pamoja, ujue umefika kwenye mshono!”